Hamu ya Subilaga

Anjelista Tluway alipokata utepe wa mita elfu tano na jukwaa zima likasimama, hakumtafuta kocha wala hakuinua macho kutazama ubao wa muda. Aligeukia uzio, upande wa barabara ya vumbi, akaangaza huku na huku kama mtu aliyepotezana na mwenzake mnadani. Alikuwa anamtafuta mtu mwenye baiskeli.

Nje ya uzio palikuwa na mbuzi, na juu ya mbuzi kamera ya chuo ikielea kama mwewe. Basi. Akainama, akashika magoti, na pumzi zilipoanza kumrudia ndipo akajiuliza: mtu gani huyo mwenye baiskeli? Kwao Dongobesh hapakuwa na baiskeli. Baba yake alikuwa na punda, na punda walipokufa akanunua pikipiki ya umeme. Hata hivyo, mzunguko wote wa mwisho alikuwa amesikia kengele ya baiskeli nyuma ya bega lake la kulia, na mluzi, na puani akanusa maziwa mabichi. Moyo ukamwambia kwamba akiitangulia ile kengele atakutana na furaha ambayo hajawahi kuionja.

"Umekimbia kama unafukuzwa," alisema Kocha Ngowi akimtupia taulo.

"Nilikuwa navutwa, Kocha."

Ngowi alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Unavutwa na nini? Kuna kitu umesikia?"

Lilikuwa swali la ajabu kumwuliza mtu aliyetoka kuvunja rekodi ya Ligi ya Vyuo. Anjelista alijifuta uso taratibu ili apate muda wa kufikiri.

"Nimesikia watu wakishangilia," alijibu.

Kocha akaitikia kwa kichwa, akabonyeza saa yake ya mkononi, akaondoka bila hata kumpa hongera.

Mtu ambaye Anjelista alitaka kumwambia habari ile kwanza alikuwa chumbani, amelala ameelekea ukuta. Yeye na huyo Subilaga Mwakatundu, binti wa Rungwe, walikuwa wakikaa chumba kimoja tangu siku ya kwanza walipofika Chuo cha Kilele. Enzi hizo Subilaga ndiye aliyekuwa akipiga kitanda chake teke alfajiri, wakati ukungu wa Mbulu bado umekalia uwanja. "Amka wewe, miguu haijifunzi ndotoni." Hakuwa na kasi ya kutisha. Kocha alimweka miongoni mwa wale wa kuwashikia wenzao mwendo, si wa medali. Lakini Anjelista hakuwahi kuona mtu aliyependa kukimbia kama yeye. Alikuwa akimaliza mazoezi huku anacheka peke yake, jasho linamtiririka. Anjelista mwenyewe alikimbia kwa sababu hakupenda kuona mgongo wa mtu. Alijua kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

"Nimevunja rekodi," alisema.

"Hongera."

"Mbona hukuja?"

"Viatu vilikuwa mbali." Hakusema kwa mzaha. Viatu vilikuwa chini ya kitanda chake.

Anjelista aliketi miguuni pake. "Suby, niambie. Kuna jambo nyumbani? Una huzuni?"

"Huzuni naijua, nilifiwa na mama. Hii siyo." Subilaga alifikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa habari za mtu mwingine. "Ni kama kuna mtu anapiga hodi nyumba ya jirani. Namsikia, lakini hodi yenyewe si ya kwangu."

"Umemwambia Daktari Zakia?"

"Ananiuliza kila siku. Anasema naendelea vizuri."

Ni neno hilo, vizuri, lililomkaa Anjelista rohoni kama mwiba wa samaki.

Chuoni Kilele, wanamichezo wote walilala kila siku baada ya chakula cha mchana. Haikuwa hiari. Waliingia Jumba la Mapumziko, kila mtu na kitanda chake, wakajifunga kichwani mkanda laini wenye nyuzi za shaba ndani yake, na usingizi ukawachukua kabla hawajamaliza kujifunika. Wanafunzi waliuita mkanda ule kilemba. Wakongwe waliuita kilemba cha ukoka, kwa sababu, walisema, unakusifia usingizini mpaka unaamka unajiona simba. Chuo kilieleza kuwa kilemba kinatuliza akili, kinapanga usingizi na kuondoa hofu ya mashindano. Tangu kiletwe, Kilele kilishinda karibu kila kitu. Na tangu kiletwe, kila timu ilikuwa na watu wake wawili watatu wa aina ya Subilaga, waliosemwa kwamba "wamechoka", ambao hawakufukuzwa chuo wala kunyimwa kitanda katika jumba lile. Hilo la mwisho Anjelista hakuwahi kulitilia maanani. Sasa lilimsumbua. Chuo kilichobana hata sabuni, kwa nini kiwatunze watu wasiokimbia tena?

Kesho yake alikwenda Kitengo cha Utulivu. Daktari Zakia Mbarouk alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, aliyezoea kumkaribisha mgeni kwa chai ya tangawizi kabla ya kumwuliza shida yake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari zako. Kaa."

"Sikuja kwa ajili yangu. Nimekuja kwa ajili ya Subilaga. Hali wala haogi asipoambiwa. Naona kama anazimika."

"Tunamfuatilia," daktari alisema. "Wewe je? Usingizi? Ndoto?" Alimsogezea kikombe. "Ukiwa mbioni, kuna picha zinazokujia? Harufu, labda? Sauti?"

Anjelista alishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuja kuuliza, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa; tena swali lilelile la kocha, limevikwa nguo nyingine. Watu wawili hawawezi kuuliza jambo moja la ajabu kwa bahati.

"Hapana," alisema. "Nikikimbia huwa nafikiria miguu tu."

"Vizuri," alisema daktari, na mabega yake yakashuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Ambilikile alifika Jumapili bila taarifa. Alikuwa kaka yake Subilaga, mkubwa wake kwa miaka mingi, na alikuwa amesafiri kutoka Rungwe kwa sababu mdogo wake alikuwa hapokei simu. Subilaga alishuka kwenda kumpokea bwaloni, na Anjelista akafuata nyuma kwa adabu, akiwa amebeba flaski ya chai.

Alimwona mgongo kwanza: mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, amesimama dirishani, anapiga mluzi taratibu kupitia pengo la meno ya mbele. Sauti mbili za kupanda na moja ya kushuka.

Flaski ilimponyoka. Kabla haijatua sakafuni alikuwa ameshapiga hatua tatu za mbio, mikono imenyooka, koo limejaa kilio cha furaha. Alikuwa akimkimbilia mtu asiyemjua kwa jina wala kwa sura, na alimpenda. Alimpenda kwa upendo wa zamani, wenye ugomvi na michubuko ya utotoni ndani yake. Alijizuia akiwa amebakiza urefu wa mkono mmoja tu kumfikia.

Ambilikile aligeuka, akamtazama msichana huyo mgeni aliyesimama mbele yake, kisha akamwona mdogo wake nyuma.

"Suby," alisema.

"Umefika, kaka. Shikamoo," alisema Subilaga. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kutazama meza.

Ambilikile alibaki amesimama na mikono yake mitupu. Alingoja akumbatiwe, akachoka kungoja, akaketi.

Anjelista aliokota flaski. Chai ilikuwa ikivuja kwa chini. "Kaka," alisema, na neno lilimtoka kwa urahisi uliomtisha, "samahani nikuulize. Uliwahi kubeba maziwa kwa baiskeli?"

"Miaka yote," alisema Ambilikile. "Nilikuwa napeleka madumu kwenye kituo cha kukusanyia. Huyu alikuwa anakimbia pembeni yangu tangu hajaanza shule. Akibaki nyuma nampigia kengele. Akinipita namwonjesha maziwa kwa kifuniko cha dumu." Alimtazama mdogo wake akitarajia tabasamu. "Ndiko alikojulia mbio. Amekusimulia?"

Anjelista alimtazama Subilaga.

"Sijamsimulia," alisema Subilaga. "Nakumbuka kwamba ilitokea. Mengine sikumbuki."

Safari hii, alipoingia kwa Daktari Zakia, Anjelista hakuketi wala hakugusa chai.

"Nimekutana na kaka yake. Nimemjua kwa mluzi," alisema. "Mmeniwekea nini kichwani?"

Daktari alikwenda kufunga mlango. Alipogeuka alionekana mzee kuliko dakika moja iliyopita.

"Kaa, nikueleze. Nimengoja mmoja wenu aje aniulize waziwazi. Wengine wanasikia, lakini wakishashinda hawaulizi."

Akamweleza. Zamani, kabla ya Anjelista, chuo kilimpoteza mwanafunzi, mrusha mkuki, aliyejimaliza mwenyewe katikati ya msimu bila mtu kujua kwamba moyo wake ulikuwa umeshaisha. Zakia alikwenda mazishini. Aliporudi alianza kuitafuta hamu ndani ya ubongo: ule mshtuko mdogo unaomwinua mtu kitandani kabla hata hajajua anainukia nini. Aliipata. Akajifunza kuisoma kwa kilemba, akajifunza kuiandika kwa mwingine.

"Mwanzo nilikuwa nanakili kwa wenye nayo tele, nawapa waliokauka. Na walipona, Anjelista. Niliwaona wakipona kwa macho yangu."

"Na Subilaga alikauka kwa nini?"

"Hamu si maji, ukichota kwa mtu yakapungua. Ni kama wimbo. Ukiunakili wimbo, mwimbaji hapungukiwi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia, na nilikuwa naamini." Daktari alikuwa akizungumza na mikono yake. "Lakini ili upate nakala safi, lazima ubongo uimbe tena na tena. Usingizini tunampeleka barabarani, tunampigia kengele, moyo wake unainuka. Halafu tunamkatiza kabla hajafika, kwa sababu akifika, ile raha ya kufika inachafua nakala. Kesho hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Ubongo si mjinga. Ukiuita kila siku na kila ukija haukuti kitu, mwisho unaacha kuitika."

Anjelista alijiona yeye kitandani jumbani, analishwa maziwa ya kifuniko cha dumu, na kitanda cha pili msichana akiitwa na kufungiwa mlango, akiitwa na kufungiwa mlango.

"Nani aliamua achotwe yeye, nipewe mimi?"

"Wakubwa wa chuo walitazama nani ana hamu nyingi na miguu ya kawaida, na nani ana miguu ya medali. Nilibisha. Si sana." Daktari alinyanyua macho. "Nyote mlikubali siku ya kusajiliwa."

"Tulikubali kulala mchana."

Daktari akasogeza chai pembeni. "Naweza kumrudishia. Nakala yetu ya kwanza imechakaa, lakini iliyo hai iko kwako, imenona kwa ushindi. Naweza kuinakili kutoka kwako, nikamwandikia yeye."

"Na mimi?"

"Nitakuita na kukukatiza, kama yeye. Na ya kwako ya kuzaliwa imeshasukwa pamoja na ya kwake. Siwezi kufumua moja nikaiacha nyingine." Akaongeza, "Tena lazima yeye mwenyewe aseme anataka. Safari hii simgusi mtu bila kauli yake."

Kumwuliza Subilaga ndiyo ikawa kazi ngumu kuliko zote. Waliketi watatu kwenye ngazi za uwanja, Ambilikile katikati, na Anjelista akamweleza kila kitu bila kuficha. Subilaga alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na Anjelista aliyekuwa amejiandaa kwa kofi aliona afadhali angepigwa.

"Kwa hiyo unataka nini?" Anjelista aliuliza.

"Nyinyi mnataka nini?"

"Tunakuuliza wewe, Suby. Unataka irudi?"

"Mnataka nitake." Alikuwa na subira, kama mwalimu wa hesabu. "Na kutaka ndiko nisikokuwa nako. Nitakujibu kwa kitu gani? Fanyeni mtakavyo. Mkiniacha hivi, pia haina neno."

Subilaga alipokwisha kupanda chumbani, Ambilikile alivunja kijiti alichokuwa akichezea, akavunja na vipande vyake.

"Ningekuwa mtu mwema, dada, ningekukataza usitoe," alisema. "Sikukatazi."

"Najua."

"Lakini na mimi nina swali. Huyo mama alificha jambo hili mpaka ulipolikanyaga mwenyewe. Leo amekuwa mkarimu ghafla. Ukishalala, utajuaje anachofanya?"

Anjelista alikuwa amejiuliza hivyohivyo. Zaidi ya hapo alijishuku mwenyewe. Mashindano makuu ya vyuo yalikuwa yamekaribia, na aliwaza: je, huku kumtilia shaka daktari ni busara, au ni ile hamu ndani yake inayojitetea isitolewe? Na huruma hii kwa Ambilikile ni yake, au nayo ni ya kunakiliwa? Alichunguza kila wazo kama mtu anayechambua mchele, na kila punje ilifanana na jiwe.

Mwishoni alimwambia daktari kwamba amekubali, kwa sharti moja, kaka yake Subilaga asimame pale jumbani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mchana huo vitanda vilikuwa vimejaa. Warukaji, wakimbiaji, wachezaji wa wavu, wengine wakijifunga vilemba, wengine wakitaniana kwa sauti za shibe. Ambilikile alisimama mlangoni. Subilaga alishalala chali kwenye kitanda chake, mkanda kichwani, macho kwenye dari. Cha pili kilikuwa cha Anjelista. Na pembeni ya hicho cha pili, mahali ambapo siku zote palikuwa na kabati la mashuka, palikuwa na kitanda cha tatu.

Aliyeketi juu yake alikuwa Dorika, msichana wa mwaka wa kwanza, mwenye miguu ambayo kocha alikuwa akiizungumzia mpaka kwenye foleni ya chakula.

"Dorika, mbona uko hapa?"

"Kocha kasema leo nahamia kitanda hiki," alisema Dorika, akitabasamu. "Kasema kina bahati."

Anjelista alifuata kwa macho uzi mwembamba uliotoka kwenye kilemba cha Dorika. Ulipita chini ya kitanda chake yeye, ukaingia kwenye mashine moja na uzi wa Subilaga. Akamgeukia daktari.

"Wakubwa walisema nisipoweka cha tatu, cha pili hawakiruhusu," alisema Daktari Zakia kwa sauti ya chini. "Subilaga atapata ya kwake. Hilo si uongo. Na huyu naye atapata. Nakala ni nakala."

"Na mimi nitakuwa nimeshafundishwa kutoitika. Halafu Dorika akizeeka, kitanda cha nne."

Daktari akaushika mkanda wa Anjelista, akamnyooshea.

Anjelista angeweza kulala. Baadaye alikuwa akijiambia hilo tena na tena: angelala tu, Subilaga angeamka mzima, na yeye asingekuwa na haja hata ya kujuta, kwa maana kujuta nako kunataka nguvu. Alimtazama rafiki yake aliyekuwa akihesabu mbao za dari. Kisha alimtazama Dorika. Akaukunja mkanda wake, akauweka juu ya mto.

"Jamani," alisema. Hakupaza sauti sana, lakini jumba lile lilikuwa na mwangwi. "Kabla hamjavaa. Nani hapa huwa anasikia kitu ambacho si chake?"

Watu walimtazama. Mmoja alicheka.

"Mimi nasikia kengele ya baiskeli nikikimbia," Anjelista aliendelea. "Nanusa maziwa. Kwetu hatuna baiskeli. Kuna mwanamume ananipigia mluzi, na mluzi wenyewe..."

Kutoka mlangoni Ambilikile alipiga mluzi. Sauti mbili za kupanda, moja ya kushuka. Miguu ya Anjelista ikashtuka ilipo, kila mtu akaona.

"Huyo ni kaka yake Subilaga," alisema. "Hamu yake Subilaga imetolewa kwake, imewekwa kwangu. Ndiyo maana yeye halii wala hacheki."

Kocha Ngowi alikuwa ameshatokea kwenye mlango wa nyuma, akiita jina lake kwa ukali, lakini sauti nyingine ilimtangulia. Ilikuwa ya Mashaka, mruka juu, kijana ambaye kwa kawaida hakuwa na maneno.

"Mimi naona mikono," alisema. "Mikono ya mama mtu mzima inakanda unga. Kidole kimoja hakina kucha. Nikiruka vizuri inanipapasa kichwa." Akajishika utosi. "Mimi sina bibi. Nimelelewa kituoni."

Kitandani karibu na dirisha, msichana aliyeacha michezo tangu mwaka uliopita alijiinua kwa kiwiko. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akiinuka bila kuamshwa.

"Kucha iling'oka kwenye mashine ya kusaga," alisema polepole. "Huyo ni bibi yangu."

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wakitaja mto, wimbo wa kanisani, mbwa mwenye sikio moja, na kila kilipotajwa kitu, palikuwa na mtu mahali fulani ndani ya jumba aliyegeuza kichwa. Wengine walijifungua vilemba wakavitupa chini. Lakini si wote. Mrusha kisahani mmoja, bingwa wa misimu miwili, aliusikiliza mjadala kwa muda, kisha akajifunga mkanda wake haraka, akavuta shuka, akageukia ukuta. Hakutaka kusikia jina la mtu yeyote.

Daktari Zakia alizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Alipompita Anjelista alisimama kidogo.

"Kuna njia nyingine, haina uhakika," alisema. "Aitwe, na kila akija, alipwe. Kitu kidogo, lakini asikose hata mara moja. Ubongo uliofundishwa kutoitika unaweza kufundishwa kuitika. Ni kazi ya miezi. Inaweza kushindikana."

Chuo kilitangaza kwamba vilemba vimeondolewa kwa marekebisho. Anjelista hakuliamini neno hilo marekebisho, na hakuacha kulichunguza Jumba la Mapumziko kila alipolipita, akitazama kama kuna mapazia yaliyofungwa mchana. Daktari aliandika barua ya kujiuzulu. Wengine walisema ameacha kazi kweli, wengine walisema amehamishiwa chuo kingine chenye jumba jipya. Ambilikile aliazima baiskeli kwa mlinzi, akaomba ruhusa ndefu kazini.

Kila jioni walikuwa wakimtoa Subilaga nje. Ambilikile alipiga kengele, mdogo wake alipiga hatua kumi za kutembea, akafika, akapewa maziwa kwa kifuniko. Alikunywa kama mtu anayekunywa dawa. Kesho yake tena. Anjelista alitembea pembeni yao, na kwa kuwa alitembea badala ya kufanya mazoezi, kasi yake ilishuka. Hamu iliyokuwa kichwani mwake nayo ilianza kufifia bila kilemba cha kuinyunyizia. Mzunguko wa mwisho ukawa kimya, na ndani ya ukimya ule alisikia pumzi zake tu, nzito, zisizo na furaha wala huzuni. Katika mchujo alimaliza wa nne, akiwa ameitazama migongo mitatu njia nzima. Iliudhi. Alifurahi kidogo kuona kwamba iliudhi, kwa sababu hasira ile aliijua tangu Dongobesh.

Asubuhi ya mashindano makuu alikuwa bwaloni na Subilaga, sinia katikati yao. Jikoni walikuwa wamewawekea chapati mbili, moja nzima, nyingine imechanika na kukauka pembeni. Anjelista alikuwa na mbio mchana na tumbo lilikuwa likimlia. Akanyoosha mkono kuchukua ile nzima.

"Hiyo naitaka mimi," alisema Subilaga.

Mkono wa Anjelista ulibaki hewani. Subilaga mwenyewe alionekana kushtuka, akatazama huku na huku kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema. Kisha akakunja uso.

"Mbona unaniangalia? Wewe kila siku unachukua kubwa."

Anjelista alitaka kumwita Ambilikile, alitaka kulia, lakini alikumbuka kwamba aliyekuja lazima alipwe, papo hapo, bila kucheleweshwa. Akalisukuma sinia kwake. Akala ile kavu. Subilaga aliila chapati yote bila kumkatia hata kipande, akalamba mafuta vidoleni, kisha akanyoosha shingo kuelekea jikoni kutazama kama zimebaki nyingine.